Meli Ina Choo

Wazee wa Miembeni, mtaa wetu hapa Bukoba, wana mahali pao kila wanapokwenda. Kanisani ni benchi la mwisho, upande wa mlango. Msibani ni kiti kilicho karibu na migomba. Kwenye mkutano wa mtaa husimama nyuma wameegemea ukuta, na kabla taarifa ya mapato na matumizi haijafika katikati, mmoja ameshatoka na kurudi, mwingine anajongea mlangoni. Ukimuuliza mzee kwa nini hakai mbele na wenye heshima wenzake, atakwambia anapenda hewa. Watu hulipokea jibu hilo na kumwacha. Mimi silipokei tena. Nimemuuguza baba yangu ugonjwa huo na sasa ninaishi nao mwenyewe: tezi dume imekua, inabana njia ya mkojo, na mwanamume mzima anapanga maisha yake yote kwa kufuata choo kilipo, bila kumwambia mtu.

Safari ndiyo inayomfichua. Mzee wa Bukoba akiitwa Mwanza, nauli si jambo la kwanza analouliza. Anauliza kama meli ipo. Meli huondoka usiku, hupitia Kemondo, hulala ziwani na kufika asubuhi, na meli ina choo. Basi linakwenda zaidi ya kilomita 400 kupitia Muleba, Biharamulo na Geita, na kuchimba dawa ni pale anapotaka dereva. Miaka ile MV Victoria ilipokuwa imesimama kwa matengenezo makubwa, hadi iliporejea mwaka 2020, niliwaona wazee wa mtaa wetu wakiacha safari moja baada ya nyingine. Mmoja hakwenda harusi ya mjukuu wake. Mwingine aliacha kliniki ya macho. Hakuna aliyetaja sababu, na watoto wao walidhani wazee wamechoka tu.

Baba yangu alikuwa na kibanja chake Muleba, upande wa Kamachumu, lakini tarehe 10 Septemba 2016 alikuwa kwangu Miembeni. Alasiri ile ardhi ilitikisika. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, nyumba nyingi za Bukoba zilipasuka au kuanguka, na usiku ule, na usiku uliofuata, tulilala nje kama majirani wote, tumetandika mikeka na maturubai uani. Watu waliogopa kuta. Baba aliogopa jambo lingine. Alikataa chai. Alikataa maji. Ilipofika usiku wa manane nilimwona anainuka, anapita katikati ya watoto waliolala, anasimama gizani nyuma ya nyumba kwa muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kumaliza haja, anarudi, analala, na kabla sijapata usingizi anainuka tena. Asubuhi midomo yake ilikuwa imekauka. Nilimwuliza, akasema ni baridi.

Mama ndiye aliyeniambia, nilipompigia simu. Alisema baba hajalala usiku mzima kwa miaka. Kule kijijini choo kiko pembeni ya kibanja, na mvua za Kagera hazimsubiri mtu amalize usingizi. Mwezi wa Nne zinaweza kunyesha usiku kucha. Baba alikuwa akitoka na tochi, akikanyaga majani ya mgomba yanayoteleza, na mara moja alishaanguka na kuumia nyonga, akatuambia alikuwa anafukuza mbuzi. Tangu hapo alijitungia sheria: baada ya chakula cha mchana, hakuna kitu cha kunywa hadi kesho yake. Mkojo ukawa mweusi na wa kuchoma, choo kikawa kigumu, na choo kigumu kinasukuma palepale panapobanwa. Alijizuia maji kwa nia ya kupumzika, akaongeza maradhi.

Pale barazani walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema ni uzee, na uzee hauna dawa. Wapo waliosema ni kichocho cha kuoga ziwani ujanani. Wengine walinong'ona kuhusu kisonono cha zamani, na hao hawakuwa wanasema upuuzi, maana kisonono kisichotibiwa kinaweza kuacha kovu ndani ya njia ya mkojo, na kovu hilo hupunguza nguvu ya mkojo vilevile. Ndiyo maana ugonjwa huu hautambuliwi kwa kusikiliza baraza. Dalili ni zilezile kwa magonjwa tofauti: tezi iliyokua, kovu, sukari, maambukizi, mawe, saratani. Lakini mnong'ono wa kisonono ulimfunga baba mdomo kabisa. Mzee mwenye wajukuu, mwenye kiti chake kanisani, angesimamaje mbele ya daktari kijana kujieleza?

Krismasi ya mwaka ule ndiyo iliyosema kwa niaba yake. Wahaya hurudi nyumbani Desemba. Ndugu walitoka Dar es Salaam, Mwanza na Kampala, ndizi zikapikwa, rubisi likamiminwa. Baba alikuwa na mafua, na mgeni mmoja mwenye huruma akampa vidonge vya mafua kutoka kwenye mkoba wake. Alikunywa vidonge, akanywa rubisi na wenzake hadi jioni. Usiku mkojo ulifunga. Si kwamba ulitoka kidogo; haukutoka hata tone, huku kibofu kinajaa. Tulimkuta amepiga magoti ameshika kitanda, jasho linamtiririka, tumbo la chini limevimba na kuwa gumu. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya usiku ule.

Muleba ina bahati ya hospitali za misheni, Ndolage, Rubya na Kagondo, na tulimfikisha kwenye moja kwa gari la jirani kabla hakujapambazuka. Muuguzi alimwekea mpira wa mkojo. Mfuko ulijaa ukapita lita moja, na uso wa baba ukalegea tukimwangalia. Maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Waitu, kumbe mtu anaweza kufa kwa maji yake mwenyewe." Mpira ule wenye puto la kuushikilia ndani ya kibofu ulibuniwa na daktari wa Marekani, Frederic Foley, miaka ya 1930, na kwa mkojo uliofunga hakuna msaada wa haraka kuupita. Ninataja hilo kwa sababu bado wapo wanaokaa nyumbani na mkojo uliofunga, wanakandwa maji ya moto, wanasubiri kuche. Hilo si la kusubiri kuche.

Daktari alitueleza kilichokutana usiku ule. Pombe hujaza kibofu haraka na kumfanya mtu asisikie kimejaa hadi kimepita kiasi. Dawa nyingi za mafua zina sudoefedrini, ambayo inakaza misuli ya shingo ya kibofu, au zina dawa ya mzio ya aina ya Piriton, ambayo inalegeza misuli ya kibofu chenyewe kisiweze kusukuma. Mlango umekazwa, msukumaji amelegezwa. Kwa asiyebanwa na tezi, huenda hakuna kitu kingetokea. Tangu siku hiyo, katika familia yetu hakuna mwanamume aliyevuka miaka 50 anayepewa kidonge cha mafua bila kuuliza kina nini ndani.

Tezi dume iko chini ya kibofu, imezunguka mrija wa mkojo. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Kuanzia miaka ya arobaini inaanza kukua, kwa kuchochewa na homoni za kiume, na inakua kuelekea ndani kama ngata inayovimba kubana kinachopita katikati yake. Wanaume wapatao nusu wenye umri wa kati ya miaka hamsini na sitini wanayo mabadiliko hayo, na wenye miaka themanini ni wengi zaidi. Lakini ukubwa wa tezi hausemi ukubwa wa shida: yupo mwenye tezi kubwa anayelala usiku kucha, na yupo mwenye tezi ya kawaida anayeteseka, kwa sababu misuli ndani ya tezi na shingo ya kibofu nayo hukaza. Kibofu kinasukuma kwa nguvu kupita pale palipobanwa, kuta zake zinanenepa, kinakuwa na hasira ya kutaka kutoa hata kikiwa na kidogo, halafu miaka ikipita kinachoka. Mkojo unabaki ndani. Unaobaki huleta maambukizi na mawe, na ukirudi nyuma huharibu figo. Hapo ndipo uvumilivu wa wazee wetu unapokuwa hatari.

Mwanzoni mwa 2017 tulimpeleka baba Mwanza, Bugando, kwa basi, mpira ukiwa bado umewekwa na mfuko umefichwa chini ya koti lake refu. Tezi ilikuwa kubwa na mkojo ulikuwa umekataa kila mpira ulipotolewa kwa majaribio, kwa hiyo alipasuliwa tumbo la chini, njia ya zamani ambayo hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado zinaitumia kwa tezi kubwa, na ambayo Terence Millin wa Ireland aliiboresha mwaka 1945 kwa kuifikia tezi bila kukata kibofu. Tezi za wastani siku hizi huweza kukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, bila kuchana tumbo. Baba alipona. Aliishi miaka mingine akilala usiku, na mama naye akilala.

Kwa hiyo mkojo wangu mwenyewe ulipoanza kuchelewa kutoka, kukatika katikati na kuniamsha usiku, sikuwa na sababu ya kusubiri. Nilikwenda hospitali nikiwa natembea mwenyewe, mchana, nimevaa shati safi. Kuna dirisha la wazee, na pale niliulizwa maswali saba ambayo madaktari wa dunia nzima huyatumia: unahisi mkojo umebaki, unarudi kukojoa kabla ya saa mbili kupita, unakatika katikati, unashindwa kuuzuia, hauna nguvu, unasukuma kuuanzisha, unaamka mara ngapi usiku. Kila swali lina alama sifuri hadi tano. Jumla ikiwa chini ya nane shida ni ndogo. Nane hadi 19 ni ya kati. 20 hadi 35 ni kubwa. Nilipata ya kati. Nilipenda kuona jambo nililodhani halisemeki limewekwa kwenye namba ambayo naweza kuilinganisha mwaka ujao.

Vipimo vingine vilikwenda haraka: mkojo, sukari, figo, utrasaundi kuona kinachobaki kibofuni, kipimo cha damu cha PSA. Na kidole. Hicho ndicho kinachowarudisha wanaume nyumbani kutoka getini, nami nasema wazi kuwa hakikufika dakika moja, kilinipa usumbufu bila maumivu, na daktari akajua kwa kidole kile kama tezi ni laini na sawasawa au ina uvimbe mgumu wa kutilia shaka saratani. Utu wangu ulitoka chumbani kama ulivyoingia.

Kuhusu saratani, kuna mkanganyiko barazani ambao viongozi wawili wamenisaidia kuufafanua. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na aliporudi aliwaeleza Watanzania mwenyewe kwamba ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema, akahimiza watu wapime. Januari 2024 Mfalme Charles wa Uingereza naye alitangaza kwamba anatibiwa tezi dume iliyokua, isiyo saratani, na ukurasa wa huduma ya afya ya nchi yake kuhusu tezi ukafurika wasomaji. Hayo ni magonjwa mawili. Tezi iliyokua haigeuki kuwa saratani; lakini mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na saratani ya mwanzo mara nyingi haisumbui mkojo kabisa. Anayesubiri kusumbuliwa na mkojo ndipo apime saratani anasubiri dalili isiyo yake. Na jambo ninalowashukuru wote wawili ni kwamba walisema. Mkuu wa nchi akitaja tezi dume kwa sauti, mzee wa Miembeni anaweza kuitaja kwa mkewe.

Daktari hakunipa dawa siku ile. Alinipa kazi: kwa siku tatu niandike kila nilichokunywa, saa, na kila nilichokojoa, kwa kipimo. Mke wangu alinipatia jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, likawekwa chooni, na daftari la shule likaning'inizwa kwa kamba pamoja na kalamu. Sidhani kuna kitu kilichonifunza zaidi. Daftari lilionyesha kwamba mchana nilikuwa nakunywa kidogo sana, kwa sababu ya shughuli, na kuanzia saa kumi jioni nilikuwa nalipia deni: kahawa na wageni, chai nzito na mkate, maji ya chakula, na kikombe kingine wakati wa taarifa ya habari. Theluthi nzima ya mkojo wangu ilikuwa ya usiku. Tezi ilinibana, ndiyo, lakini sehemu ya kuamka kwangu ilitoka kwenye birika.

Kahawa ni jambo zito kwetu. Bukoba ni mji wa kahawa. Kiwanda cha TANICA kiko hapa, mibuni iko kwenye vibanja vyetu, na mgeni akifika nyumbani hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya maneno. Kafeini huongeza mkojo na kukichokoza kibofu. Sikuiacha. Niliihamishia asubuhi, na jioni mgeni akinipa napokea, natia mfukoni, namshukuru. Maji ninakunywa mengi kuanzia alfajiri hadi alasiri, na saa mbili tatu kabla ya kulala naacha. Jumla ya siku ni ileile au zaidi. Nimebadilisha saa tu. Miguu ikivimba jioni, maji yale yaliyoteremka hurudi kwenye damu ukilala na kuwa mkojo wa usiku, kwa hiyo alasiri nanyanyua miguu kwa muda. Na kama mtu anakunywa dawa ya presha ya kukojosha, amwulize daktari kama anaweza kuinywa asubuhi badala ya jioni. Rubisi nalionja mchana kwenye sherehe, kidogo, na si usiku.

Kisha namna yenyewe ya kukojoa. Wanaume tumelelewa kusimama. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikusanya majaribio mwaka 2014 na kukuta kwamba kwa wenye shida ya tezi, kukaa huacha mkojo kidogo zaidi kibofuni kuliko kusimama. Kwa wasio na shida hakukuwa na tofauti. Ninakaa. Nikimaliza, sisimami, nasubiri kidogo, napumua, najaribu tena, na mara nyingi unatoka mkojo mwingine. Nikisikia haja ya ghafla siikimbilii. Nasimama, nabana misuli ya chini, nasubiri wimbi lipite, halafu natembea. Kibofu chenye hasira hufundishika, kwa wiki kadhaa.

Matone ya baada ya kukojoa ndiyo yaliyomtesa jirani yangu, muadhini wa zamani. Kwa Mwislamu matone yanagusa sala yenyewe. Alikuwa anatia udhu, anafika msikitini, anahisi tone, anarudi nyumbani kubadili nguo na kutia udhu upya, na jamaa imeshaisha. Mwisho akawa anaswali nyumbani, mtu aliyeamsha mtaa mzima kwa miaka. Ilinipa uchungu kuliko tezi yangu. Nilimweleza nilivyofundishwa: baada ya kukojoa, bonyeza kwa vidole nyuma ya korodani, sukuma taratibu kuja mbele, rudia, maana mkojo ule haukutoka kibofuni, ulibaki kwenye mrija. Kwake hilo lilimaliza sehemu kubwa. Kwa iliyobaki alimwuliza shehe wake, akaambiwa yanayojulikana katika fikihi: asiyeweza kuzuia mkojo ajisafishe, ajikinge kwa kitambaa, atie udhu wakati wa sala ukishaingia, aswali, na kinachomtoka baada ya hapo hakimharibii sala hiyo. Ruhusa hiyo ilikuwepo siku zote. Ilihitaji tu mtu aulize. Amerudi safu ya mbele.

Usiku nimeupangia vitu vyake. Ndoo yenye mfuniko iko pembeni ya kitanda, taa ndogo ya sola inawaka ukutani, kandambili zenye meno ziko mahali pamoja. Wapo watoto wanaoona aibu mzee kuwekewa ndoo chumbani. Nyonga iliyovunjika kwa mzee ni kitanda, na kitanda ni mapafu, na mapafu ni kaburi. Ndoo ina heshima kubwa kuliko kuanguka mvuani.

Dawa zilikuja baadaye, alama zangu zilipopanda licha ya mpangilio huo. Tamsulosini, miligramu 0.4 kwa siku, baada ya mlo uleule kila siku, hulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, na nafuu huonekana ndani ya siku hadi wiki chache. Inaweza kukuletea kizunguzungu ukiinuka ghafla, kwa hiyo mimi naketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Inaweza pia kufanya shahawa zirudi nyuma kibofuni, jambo lisilo na madhara lakini linalomtisha mtu asiyeambiwa. Na ukitaka kupasuliwa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kuwa unaitumia au uliwahi kuitumia, maana huathiri mboni wakati wa upasuaji. Finasteridi, miligramu 5, hufanya kazi nyingine: hupunguza tezi yenyewe, polepole, kwa miezi sita na zaidi. Inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na inashusha PSA hadi nusu, kwa hiyo anayesoma kipimo chako lazima ajue. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2003, wenye wanaume 3,047, ulionyesha kwamba finasteridi pamoja na doksazosini, ndugu wa tamsulosini, zilipunguza uwezekano wa hali kuzidi kwa asilimia 66. Mimi na mke wangu tulikaa tukazungumza habari ya tendo la ndoa kabla ya kidonge cha kwanza, na mazungumzo yale yalikuwa magumu na mazuri. Mke anayejua hadhani amechokwa.

Kuhusu mitishamba nazungumza kwa uangalifu, maana kuta za miji yetu zimejaa matangazo ya tezi dume na nguvu za kiume kwenye karatasi moja. Gome la mti mmoja wa milima yetu, Prunus africana, unaoota Kilimanjaro, Kenya, Uganda hadi Kamerun, limekuwa likiuzwa Ulaya kama dawa ya tezi tangu karne iliyopita, hadi mti wenyewe ukawekwa kwenye ulinzi wa biashara ya kimataifa mwaka 1995 kwa kukatwa ovyo. Mapitio ya mwaka 2002 ya majaribio 18 yenye wanaume 1,562 yalikuta nafuu ya wastani: kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19. Lakini majaribio yalikuwa madogo na ya miezi michache, na hayakufanywa kwa chupa ya stendi isiyo na jina. Babu zetu walijua kitu. Anayeuza chupa ya stendi hatakwambia figo zako zikoje, na miezi unayoipoteza kwake kibofu kinaendelea kuchoka.

Safari sasa nazimudu. Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, kwenye njia ya Mwanza, lilifunguliwa, na kilomita tatu za maji tulizokuwa tukizisubiria kivuko zinavukwa kwa dakika chache. Nililifurahia kama kila mtu wa Kanda ya Ziwa. Ila kivukoni basi lilisimama, na mzee alipata pa kwenda, sasa halisimami. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli namwambia kondakta, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu: "Mwanangu, mimi nina tezi dume, tutachimba dawa Biharamulo na Geita, niambie sasa kama hamuwezi nitafute basi jingine." Sijawahi kukataliwa. Na kila mara, basi likisimama, hushuka wazee wengine ambao hawakuwa wamesema.

Nyumbani, ndani ya jalada la daftari lile, tumeandika mambo ya kutupeleka Mwanza kwa upasuaji bila mjadala: mkojo ukifunga licha ya dawa, damu kwenye mkojo isiyokoma, maambukizi ya kurudiarudia, mawe kibofuni, au kipimo cha figo kikianza kupanda. Mpaka sasa hakuna lililotokea. Mdogo wangu anakuja kutoka Dar mwisho wa mwaka. Kwenye simu amesema siku hizi anapenda kukaa nyuma kanisani. Nimeshamwandikia yale maswali saba, na nimemwambia aje na alama zake zote, sifuri hadi 35, kabla ya Krismasi.